Kikombe Kilichooshwa kwa Majivu

Mto wetu ni mdogo. Mtu akisikia mto anaweza kufikiri ni maji ya kuvuka kwa mtumbwi, kumbe ni ya kukunja gauni na kuruka, na kiangazi unayavuka kwa kukanyaga jiwe moja. Unatoka mlimani mbele ya Mlangali, unapita chini ya mgodi wa makaa ya mawe, halafu unaingia kwenye bonde letu ambako kila nyumba ina kinyungu chake. Kinyungu ni shamba la bondeni. Mahindi ya juu yakishavunwa na ardhi ya mlimani ikikauka, watu wote tunashuka huku kwenye unyevu kupanda maharage, njegere, kabichi na viazi. Asiye na kinyungu miezi hiyo ananunua mboga kwa wenzake, na kwetu kununua mboga ni aibu ndogo inayorudi kila jioni.

Mimi ndiye niliyekuwa napima maji ya mto huo. Naandika niliyekuwa, na papo hapo naona nimekosea, kwa sababu bado napima. Ila si kama zamani.

Mgodi ulipoanza kuchimba, watu waliona kingo za mto zimepata rangi ya kutu. Wengine walisema ni makaa. Wengine, hasa wazee, walisema kutu hiyo ilikuwapo tangu zamani. Mimi nakumbuka kuiona nikiwa mtoto, lakini sikumbuki kama ilikuwa nyingi hivi, na jambo nisilolikumbuka vizuri sitaki kulitolea ushahidi. Basi akaletwa mtaalamu kutoka Njombe, ambaye sisi tulimwita bwana maji, kama tunavyomwita yule wa mazao bwana shamba. Akasema achaguliwe mtu wa kijiji wa kupima kila juma, sehemu mbili, juu ya mgodi na chini ya mgodi, ili ijulikane kama maji yanafaa kumwagilia. Kampuni ikakubali kwamba namba za mtu huyo ndizo zitakazofuatwa na pande zote.

Walinichagua mimi. Si kwa elimu, maana niliishia darasa la saba. Walisema mwandiko wangu unasomeka, kwa sababu nilikuwa mwandishi wa kwaya usharikani, na mwenyekiti akaongeza kwamba huyu mama hata ukimlipa adanganye atakosea. Watu walicheka. Nilirudi nyumbani nimejaa majivuno, na siku nzima nilimjibu mume wangu kama mtu wa ofisini.

Bwana maji alinifundisha kwa siku moja. Alinipa kipimo kidogo mfano wa kalamu nene, kikombe cheupe cha plastiki, na chupa za kupeleka maabara mara moja kwa mwezi. Kikombe kinachota, kipimo kinatumbukizwa, unasubiri tarakimu zitulie, unaandika. Ili nielewe namba akaniambia nifikirie ndimu na majivu. Saba ni katikati. Namba ikishuka, maji yanaelekea kwenye ndimu. Ikipanda, yanaelekea kwenye maji ya majivu. Mazao mengi yanataka hapo katikati, na maharage hayaivumilii ndimu. Nikaandika: ndimu chini, majivu juu. Akasema kikombe kisuuzwe mara tatu kwa maji ya mto wenyewe, pale pale, na kisioshwe kwa kitu kingine chochote. Hilo nalo niliandika. Yote mawili yapo ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa mwandiko huo huo uliosifiwa.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Mama yangu alitulea na neno moja, kwamba chombo kinachotoka nyumbani kwenda kwa watu ndicho kinachokusema. Sufuria ya kuazima hairudi na masizi. Ukipelekewa mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi likiwa jeupe kuliko lilivyokuja. Tulisugua kwa majivu ya kuni za miti ya miwati, yale laini ya chini kabisa ya jiko, mpaka chombo kinalia ukipitisha kidole. Na kikombe kile cha kupimia kilikuwa chombo cha watu. Afisa wa kampuni alikuwa anakiona, bwana maji alikuwa anakiona. Chupa zilikuwa zinakwenda maabara, kwenye mji ambao sijafika, kwa watu waliovaa makoti meupe. Nitawapelekeaje chupa yenye utelezi wa mtoni? Kwa hiyo kila jioni ya kuamkia siku ya kupima nilisugua kikombe kwa majivu, na chupa nilizitia majivu na vijiwe nikazitikisa, nikasuuza kidogo kwa maji ya ndoo, nikaanika kwenye kichanja. Na asubuhi, nikifika mtoni na kikombe kinachong'aa hivyo, kukisuuza mara tatu kwa maji yenye kutu niliona ni kukichafua. Nikaacha.

Sikusahau agizo. Nataka lieleweke hivyo. Nilikumbuka, nikaona langu ni bora zaidi.

Namba zikawa nzuri. Juu ya mgodi saba na kidogo, chini ya mgodi saba kasoro kidogo. Juma kwa juma, mwezi kwa mwezi. Majibu ya maabara yalichelewa mpaka unasahau uliuliza nini, na yalipokuja hayakupingana nami, kwa kuwa chupa nazo zilipita kwenye majivu yale yale. Vijana wa bodaboda pale njia panda walinitania kwamba namba yangu haitikisiki, kama saa ya ukutani iliyokufa betri. Nilicheka nao. Mara moja moja, nikiitazama kutu ile kwenye mawe, nilihisi kitu kinanikwaruza, nikarudia kupima. Nilirudia kwa kikombe kile kile.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ana kinyungu karibu kabisa na mto, chini ya mgodi. Ni mjane, alirudi kwao baada ya msiba wa mumewe. Alikuwa na mbegu ya maharage aliyoachiwa na mama yao, mekundu yenye madoa meupe, ambayo huyaoni kwa mtu mwingine bondeni kwetu. Aliyatunza kwenye debe juu ya moshi wa jiko, yamechanganywa na majivu ili wadudu wasiyatoboe. Kila mwaka alipanda, akala, akarudisha debe juu.

Kiangazi kilichopita alimwagilia kwa ndoo kutoka mtoni. Maharage yaliota, yakasimama, halafu yakawa ya njano. Akabadilisha saa za kumwagilia, akapalilia upya, akatia samadi. Yalibaki mafupi, yakatoa maua machache kama yanayoona haya. Akanifuata nyumbani akaniuliza kama maji yana kitu. Nilifungua daftari nikamwonyesha. Nikamwambia, kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo, "Wifi, maji ni saba. Angalia mbegu yako."

Aliniamini. Alisema huenda mbegu imezeeka, huenda alikosea kuitunza, mikono yake si kama ya mama. Mwezi haukuisha tukapata msiba kwa jirani, na waombolezaji walikuwa wengi. Wifi alishusha debe, akapepeta majivu, akayapeleka maharage yote yakapikwe. Alisema mbegu iliyochoka heri ilishe watu. Tulikula. Nami nilikula, na nilisifu utamu wake.

Ulipofika mwaka huu mfereji mpya wa saruji ulikuwa umekamilika, wa kupeleka maji ya mto upande wa pili wa bonde, kwenye vinyungu zaidi ya nusu ya kijiji ambavyo vilikuwa vinategemea chemchemi zinazokauka mapema. Ilibaki mkutano mmoja tu, wa kijiji, wilaya na kampuni kutia sahihi kwamba maji yanafaa. Daftari langu lingeambatanishwa. Baada ya sahihi, mlango wa mfereji ungefunguliwa.

Majuma mawili kabla ya mkutano huo bwana maji alinipigia simu. Chupa za mwezi uliotangulia zilifika maabara barafu imeyeyuka, kwa hiyo safari hii nizisindikize mwenyewe mpaka Makambako, ambako mizigo ya kwenda mbali inabadilishiwa gari. Kwa kawaida nilimkabidhi boksi kondakta. Nilipanda basi la alfajiri na boksi langu mapajani, Njombe nikabadilisha, na saa sita nilikuwa Makambako natafuta ghala la mzee anayetusafirishia.

Nilikuwa namjua kwa simu tu. Ni mtu wa Kondoa, Mwislamu, amekaa Makambako miaka mingi kiasi kwamba akisema "huku kwetu" hujui anamaanisha wapi. Alinikaribisha kama ndugu. Akafungua boksi ili atie barafu ya wauza samaki, akainua chupa moja akaiangalia kwenye mwanga.

"Mama, chupa zako zinang'aa kuliko glasi za harusi," akasema. "Maji yenyewe yataona aibu kuingia humu."

Nilifurahi. Nikamwambia siri ni majivu ya miwati. Akamwita mkewe aje asikie, kwamba watu wa baridi wanaosha plastiki kwa majivu wakati sabuni imejaa dukani. Mkewe akajibu kutoka uani kwamba aache kucheka majivu, kwani chakula anachokingoja kinapikwa na nini.

Walinilazimisha nile nao. Nilitoka uani kunawa, nikamkuta huyo mama amechuchumaa kando ya jiko. Alikuwa na kopo lililotobolewa matundu chini, limejaa majivu, na juu yake anamimina maji polepole. Chini palikuwa na bakuli, linapokea matone ya rangi ya chai nyepesi. Nilimuuliza ni nini, ingawa nilikuwa naona. Akaniambia magadi yamekwisha, na mlenda bila magadi haulainiki, kwa hiyo anachuja maji ya majivu kama walivyofanya bibi zake. Akaniambia nionje kwa ncha ya kidole. Nikaonja. Ulimi ukateleza, ukawaka kidogo.

"Haya ni makali," akasema. "Tone kidogo tu linageuza chungu kizima."

Nilisimama pale na kidole mdomoni. Ndimu chini, majivu juu. Niliuona ukurasa wa kwanza wa daftari kama umefunguliwa mbele yangu. Kikombe changu, kikombe kilichokauka kichanjani na ule ukungu mweupe ambao nilidhani ni usafi, kilikuwa kinalainisha mto wangu kila juma kama yule mama anavyolainisha mlenda.

Chakula kilikuja, nikala kwa adabu. Yule mzee alisimulia habari za malori na foleni ya mizani. Sijui nilijibu nini. Nilipoondoka chupa zilikuwa zimeshafungwa na barafu, na sikuthubutu kusema zisiende. Hilo nalo naliweka hapa. Niliziacha ziende, nikijua.

Nilishuka Njombe saa tisa hivi, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa bwana maji. Njiani nilikuwa natembea haraka, kisha polepole, kisha nasimama kutazama kwenye madirisha ya maduka vitu nisivyonunua. Ofisini waliniambia yuko kwenye kikao, nisubiri kwenye benchi. Nilikaa. Nilisimama nikasoma matangazo ya ukutani, nikakaa tena. Nilitoa simu nikaitafuta namba yake, nikabonyeza, nikakata kabla haijaita. Nilikuwa najipa sababu: labda ni mawazo tu, labda majivu kidogo vile hayawezi kitu, nitamsumbua mtu wa watu kwa hofu ya mwanamke wa darasa la saba. Na sababu hizo zilikuwa na ukweli ndani yake, hilo ndilo lilinichosha. Mhudumu akaja akaniuliza, "Mama, shida yako hasa ni nini?" Nikamwambia nilipita kusalimia tu. Nikalala kwa dada yangu Uwemba, nikaamka kabla ya kengele ya misheni.

Nyumbani sikupumzika. Nilichukua vikombe viwili vya plastiki vinavyofanana. Kimoja nilikisugua kwa majivu na kukianika, kama ilivyokuwa desturi yangu. Kingine sikukigusa. Asubuhi nilishuka navyo mtoni, chini ya mgodi, na hiki cha pili nikakisuuza mara tatu kwa maji ya mto. Nikachota. Cha majivu kilisema saba kasoro kidogo, namba yangu ya siku zote, rafiki yangu. Cha pili kilisema tano na nusu.

Nikadhani kipimo kimeharibika. Nikarudia, nikabadilisha mahali pa kuchota. Nikarudia tena. Nikapanda juu ya mgodi, mwendo wa saa nzima kwa miguu, nikapima kule kwa kikombe kilichosuuzwa: sita na zaidi ya nusu. Nikashuka tena. Tano na nusu. Jua lilikuwa limenichoma shingo na gauni limelowa mpaka magotini. Niliandika namba zote kwenye ukurasa mpya, na pembeni nikaandika kwamba siku moja si ushahidi, na kwamba sijui kama ndimu hiyo ni ya mgodi au ya mawe yenyewe ya mlima. Sijui mpaka sasa. Lakini kwamba daftari langu lilikuwa linadanganya, hilo nilikuwa najua.

Zilibaki siku nne kufikia mkutano. Jumapili kanisani nilikaa mwisho, karibu na mlango, na nilitoka mara mbili katikati ya ibada kama mtu mwenye mtoto mchanga. Mume wangu, ambaye nilimweleza, alisema jambo la busara: nimpigie bwana maji, yeye aseme kwenye mkutano kwamba kipimo kilikuwa na hitilafu, na jina langu halitatajwa. Alisema kwa kunipenda. Nililibeba wazo hilo siku nzima. Lakini kipimo hakikuwa na hitilafu, na kabla ya watu wote palikuwa na mtu mmoja aliyestahili kusikia kutoka kwangu.

Jumatatu nilimkuta wifi kinyungu, analima matuta ambayo mwaka huu alisema atapanda kabichi tu. Nilimsalimu kwa salamu ya kwetu, kamwene, akaitika bila kuinuka. Nikamwambia nilikosea kupima. Akauliza kukosea vipi, nikamweleza yote, kikombe, majivu, mlenda wa Makambako, vikombe viwili. Aliendelea kulima wakati nasema. Jembe lilikuwa linapiga pale pale, mahali pamoja.

"Kwa hiyo mbegu ya mama ilikuwa nzima," akasema.

"Sijui kama ilikuwa nzima, wifi. Pengine kulikuwa na ugonjwa, pengine baridi. Ninachojua ni kwamba sikuwa na haki ya kuisema."

"Wewe na sijui yako." Sasa aliinuka, akaegemea mpini. "Siku ile ulijua."

Akasema, macho yakiwa makavu kabisa, kwamba amewalisha waombolezaji maharage ya mama yake, na wengine walikuja msibani kwa ajili ya chakula tu. Akacheka kidogo, kicheko kibaya. Akarudi kwenye jembe. Nilipoondoka hakunijibu kwaheri, na sikumlaumu.

Siku ya mkutano walikuwapo mwenyekiti, mtendaji wa kijiji, bwana maji, afisa mazingira wa kampuni, na watu wengi kuliko kawaida kwa sababu ya mfereji. Nilimwomba mwenyekiti nafasi kabla ya sahihi. Alitabasamu, akadhani naleta shukrani. Nilisimama na daftari, nikasema, "Namba zote za daftari hili, kuanzia ya kwanza, msizitumie. Nilizikosea mimi." Nikaeleza kwa nini. Nilipofika kwenye majivu baadhi ya kina mama waliinamisha vichwa, maana walijua chombo safi ni kipi, nao wangefanya vile vile. Lakini wao hawakuwa wamefundishwa.

Zikazuka kelele. Mtu mmoja wa upande wa pili, ambaye kinyungu chake kinangoja mfereji, akasema, "Amepewa nini huyu? Namba za kuipendeza kampuni mwaka mzima, leo anasema majivu?" Mwingine akauliza kinyume chake, nani amenipa niuzuie mfereji. Waandishi wa kwaya hatuzoei kuzomewa. Naandika hapa kwamba walikuwa na haki ya kuuliza. Kosa lenye faida kwa upande mmoja lina sura ya kununuliwa, na hata mimi ningemuuliza mtu hivyo.

Ndipo wifi akasimama, nyuma kabisa. Akasema, "Kama huyu angekuwa amepewa kitu, ukoo ungekuwa umeshakionja, maana juzi tu alikuja kwangu kuomba chumvi." Watu wakacheka, na kelele zikapungua. Hakunitazama aliposema. Akaongeza kwamba mimi ndiye niliyemponza apike mbegu ya mama yake, kwa hiyo asidhani mtu kwamba ananitetea. Akakaa.

Afisa wa kampuni nilimwogopa kuliko wote, na lazima nimtendee haki. Hakupaza sauti. Alisema namba zangu alikwisha kuzituma kwa wakubwa wake, na sasa itabidi aandike kuzifuta, jambo ambalo halitampa sifa. Kisha akaomba kitu kimoja, twende mtoni wote tukapime mbele ya macho ya watu. Tukashuka kundi zima, wazee na fimbo zao, kina mama na watoto mgongoni. Bwana maji alikisuuza kikombe yeye mwenyewe, mara tatu, akihesabu kwa sauti kama mwalimu, na kila aliposuuza alinitupia jicho. Tano na nusu tena. Afisa akaandika kwenye kitabu chake, nami kwenye langu.

Hawakutia sahihi. Bwana maji alisema kipimo kimoja hakitoshi kumshtaki mtu wala kumsafisha mtu, tuanze upya msimu mzima, na pande zote ziwepo. Kampuni ilikubali. Mlango wa mfereji ukabaki na kufuli. Hilo lilikuwa sawa, nadhani, lakini upande wa pili vinyungu vimekauka kiangazi hiki wakati mfereji mpya upo, mweupe, hauna tone. Yule mtu aliyeuliza nimepewa nini ananunua mboga kwa mke wa kaka yake. Tukikutana njiani haniamkii. Nikimwona naanza kupanga maneno, na akishapita yanakuwa bado hayajapangika.

Nilitaka kujiuzulu. Mwenyekiti alisema hapana, ila niwe na mwenzangu wa kunikagua, na mwenye kunikagua awe mtu niliyemkosea. Watu waliona ni utani mzuri. Basi kila juma naongozana na wifi. Yeye anashika kikombe, mimi nashika kipimo, na kila mmoja ana daftari lake. Kikombe kina utelezi wa kijani chini na mstari wa kutu ubavuni, hakijawahi kuingia jikoni kwangu tena. Anakisuuza mara tatu, polepole, akinitazama kama mkaguzi wa mitihani. Nyumbani kwake akinikuta nasaidia vyombo huuliza mbele ya wageni kama hiki nacho nimekipaka dawa. Nacheka. Inaniuma kidogo, na naona ni haki yake.

Mwezi uliopita aliliosha lile debe la mbegu ili aliuze. Kwenye mshono wa chini, ndani ya majivu yaliyogandamana, akakuta punje kumi na moja nyekundu zenye madoa. Hakuniambia siku hiyo. Aliniambia tulipokuwa tunapanda kwenda kupima kule juu ya mgodi, akazitoa kwenye fundo la kanga. Tulizipanda pale juu, kando ya mto, mahali ambapo madaftari yetu yote mawili yamekuwa yakisema sita na zaidi ya nusu, kwenye kipande cha shamba alichopewa na shangazi yao.

Siku ya kupima ni moja kwa juma, lakini mimi nimekuwa nikipanda huko kila siku. Mume wangu anasema nitazikanyaga. Siku tano sikuona kitu, na nilirudi nikihesabu makosa mapya: tulizipanda chini mno, maji yalikuwa mengi, zilikaa mno kwenye majivu. Leo asubuhi udongo ulikuwa umepasuka sehemu mbili. Inaweza kuwa maharage, inaweza kuwa mchwa. Niliinama mpaka pua ikagusa ardhi na bado sikuona jani.

Wifi alikuwa mlangoni kwake niliporudi. Akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia nyufa mbili, basi.

"Andika nyufa," akasema.